Kuifundisha Pikipiki ya Mbio Kutembea

Leo tuzungumze habari za pikipiki, lakini si ile inayokuwahisha kazini asubuhi, wala ile ya mbio ambazo mshindi ni anayefika wa kwanza. Yapo mashindano ya pikipiki ambayo anayeshinda ni yule aliyemaliza bila mguu wake kugusa ardhi. Yanaitwa trayali. Njia yake hupita kwenye mito yenye mawe, kwenye mizizi, magogo na makorongo, nayo hugawanywa vipande vifupi vilivyowekewa mipaka. Kila kipande kina mwamuzi, na macho ya mwamuzi yako kwenye miguu ya dereva. Ukigusa chini mara moja unaandikiwa alama 1. Mara mbili, alama 2. Mara tatu na kuendelea, alama 3. Ukianguka au ukatoka nje ya mipaka, alama 5. Jioni alama zinajumlishwa, na mwenye chache ndiye bingwa. Aliyepita mahali pote bila kugusa huandikiwa sifuri, na sifuri hiyo watu huitafuta kwa jasho maisha yao yote.

Sasa wapo mafundi na wapenzi wa pikipiki, hasa Uingereza, Hispania, Marekani na Australia, wanaochukua pikipiki kuukuu ya motokrosi, ya miaka ya 1960 au 1970, na kuigeuza iwe ya trayali. Motokrosi unaifahamu: ni yale mashindano ya matope na kuruka vilima, madereva wote wanatoka pamoja, na kinachohesabiwa ni kasi. Hapa Afrika Mashariki yapo, Nairobi na Uganda yana mashabiki wengi. Kuitoa mashine huko na kuipeleka kwenye trayali ni kazi ninayoipenda sana, na jioni hii nitakueleza kwa nini. Fundi wetu wa kawaida amezoea kuulizwa swali moja tu: je, itakimbia zaidi? Katika kazi hii mteja anauliza jambo lingine kabisa. Anauliza, je, itaweza kwenda polepole kuliko mtu anayetembea, ikiwa juu ya jiwe lenye utelezi, bila kuzima na bila kuruka? Kulijibu swali hilo kunamlazimu fundi ajue kila kipande cha pikipiki kinafanya nini na kwa nini kiko pale kilipo.

Kwanza historia kidogo, maana wengi wanadhani trayali ni mtoto wa motokrosi. Ni kinyume chake. Mwaka 1914 mwenye kiwanda mmoja wa Yorkshire, Alfred Angas Scott, aliyekuwa akitengeneza pikipiki zenye jina lake, aliwapa changamoto wafanyakazi wake wavuke nyika na mito ya jimbo lile wakiwa juu ya pikipiki. Mashindano yale, Scott Trial, yanaendelea mpaka leo, na dereva anapimwa kwa muda na pia kwa kuweka miguu chini. Ikaja 1924. Klabu moja ya kusini, Camberley, ilitaka kuandaa mashindano ya namna hiyo, lakini ikaviondoa vile vipande vya kutazamwa miguu, ikabaki na muda peke yake. Chama cha pikipiki cha Uingereza kikakataa mashindano yale yasiitwe trayali. Yakapewa jina jingine, na kutoka pale ndipo motokrosi ikazaliwa. Kwa hiyo anayeigeuza pikipiki ya motokrosi kuwa ya trayali anairudisha kwa mama yake.

Kwa miaka mingi mama na mtoto waliishi nyumba moja. Kijana wa Kiingereza wa miaka ya 1950 alikuwa na pikipiki moja tu. Jumatatu mpaka Ijumaa aliiendea kazini, Jumapili hii akaivua taa akashindana mbio za matopeni, Jumapili ijayo akabadilisha sproketi na matairi akaingia trayali. Baadaye mashine zikaachana. Zile za mbio zikazidi kuwa na nguvu na urefu, zile za trayali zikazidi kuwa nyepesi, fupi na pole.

Mtu aliyeonyesha vizuri kuliko wote umbali wa kuachana huko ni Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast wa mwaka 1933. Usidhani alikuwa mtu asiyejua kasi. Mwaka 1957 alimaliza wa tatu duniani katika mbio za barabarani za cc 250, akiwa juu ya Mondial ya Kiitalia. Lakini alichokipenda zaidi ni trayali, na alikuwa na pikipiki ya Ariel ya cc 500, nzito, ya mipigo minne. Mwaka baada ya mwaka aliichonga, akabadilisha vyuma kwa alumini, akatoboa pasipo kazi, akasogeza hiki akakata kile, mpaka uzito wake ukashuka kufikia karibu kilo 110. Akawa bingwa wa Uingereza mara 11 mfululizo, 1959 mpaka 1969. Mwishoni mwa 1964 alikwenda Hispania kwa watu wa Bultaco, karibu na Barcelona. Pale, pamoja na mwenye kampuni, Francesc Xavier Bultó, walichukua injini na vipande vilivyokuwa tayari kiwandani, na kwa muda usiofika wiki mbili wakaunda pikipiki iliyoitwa Sherpa T: cc 244, mipigo miwili, kilo 90 na ushei. Mwaka uliofuata, 1965, Miller aliipanda katika mashindano ya siku sita ya Scotland, ambayo ndiyo makubwa kuliko yote kwa watu wa trayali, akashinda. Ilikuwa mara ya kwanza pikipiki isiyo ya Kiingereza kushinda pale.

Tazama sasa kilichotokea katika kiwanda kile kile. Bultaco walikuwa pia na pikipiki ya motokrosi iitwayo Pursang. Injini za Pursang na Sherpa zilikuwa ndugu wa damu, zote za cc 250 hivi, zote za silinda moja. Pursang ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 30. Sherpa ilitoa karibu 20. Mtu asiyejua angesema Sherpa ni mbovu. Lakini iweke Pursang kwenye mkondo wa mto wenye mawe ya mviringo yenye ukungu wa kijani, utaona dereva anavuta moto kidogo, hakuna kitu. Anaongeza, bado hakuna kitu. Anaongeza tena, ghafla nguvu zote zinakuja kwa pamoja, tairi linazunguka bure na mtu anakwenda majini. Sherpa kwenye mkondo ule ule ingepiga tu puku, puku, puku, ikapanda. Tofauti ya injini zile mbili ndiyo kazi yote ya fundi ninayemzungumzia jioni hii.

Tuingie karakana. Pikipiki ipi inafaa? Ushauri wangu ni ya kabla ya 1974, au iliyoundwa kwa mtindo wa kabla ya hapo. Sababu iko kwenye shokapu. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alichukua ubingwa wa dunia wa cc 250 akiwa juu ya Yamaha yenye shokapu moja kubwa nyuma, badala ya mbili za pembeni. Baada ya hapo viwanda vyote vikaanza kushindana kurefusha mwendo wa shokapu, na pikipiki za motokrosi zikapanda juu kama ngamia. Kiti kikafika kiunoni. Dereva wa trayali anahitaji mashine anayoweza kuisimamia na kuizungusha chini yake. Hiyo ndefu haina faida kwake, na kuishusha ni kuijenga upya. Ile ya zamani, yenye shokapu mbili na mwendo mfupi nyuma, tayari ina kimo kinachokaribia.

Jambo la kwanza la kufanya ni rahisi na la bei nafuu, nalo ni sproketi. Hapa mafundi wetu wa bodaboda wa maeneo ya milima wananielewa bila maelezo: anayebeba mkaa na ndizi mlimani hufunga sproketi ndogo mbele au kubwa nyuma ili pikipiki ivute. Katika trayali mambo ni yale yale, ila yanapelekwa mbali zaidi. Tufanye hesabu. Chukua pikipiki ya motokrosi ambayo katika gia ya kwanza injini inazunguka mara 20 ili tairi la nyuma lizunguke mara 1. Tairi lenyewe likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2 na sentimita 5. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inanguruma bila kuvutwa moto, kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, pikipiki inakwenda kilomita 7 na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Juu ya mawe ni kasi mno. Dereva atalazimika kushika klachi muda wote, na klachi ikichemka basi. Sasa toa sproketi ya mbele ya meno 14 uweke ya meno 11, na ile ya nyuma ya meno 46 uweke ya meno 56. Mizunguko 20 inakuwa 31. Kwa silensa ile ile pikipiki inakwenda chini kidogo ya kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka msikitini bila haraka. Dereva anaweza kuachia klachi kabisa na kuiacha injini ifanye kazi.

Sproketi ndogo ina gharama yake, usiache kuijua. Cheni inapinda sana kuizunguka, inachakaa upesi, na inaweza kusugua mkono wa tairi la nyuma. Ile kubwa ya nyuma nayo inashuka karibu na mawe, kwa hiyo inahitaji kinga ya bamba la alumini. Gia za juu pia zinakuwa fupi, lakini mwenye trayali haendi safari.

Baada ya sproketi linakuja jambo ninalotaka tukae nalo kwa muda, maana ndilo linalobadilisha tabia ya mashine. Ni flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na shafti ya injini upande wa magneto. Injini ya motokrosi inapewa flaiwili nyepesi makusudi ili ipande mizunguko kwa haraka dereva anapovuta moto. Kwa sababu hiyo hiyo inashuka haraka, na ikikutana na mzigo wa ghafla inazima. Injini ya trayali inataka uzito unaozunguka. Tairi la mbele linapogonga jiwe na injini kutaka kufa, uzito ule uliokwisha kuwa katika mwendo unaisukuma ipite, na mpigo unaofuata unakuja. Vilevile moto ukivutwa kwa bahati mbaya, uzito unazuia nguvu zisiruke ghafla na tairi lisipoteze mshiko.

Fundi anachofanya ni kukereza pete ya chuma, ya kilo 1 au 1 na nusu, na kuifunga kwenye rota ya magneto kwa boliti. Nimesema kwa boliti. Nimeona picha za kazi ambazo pete imechomelewa moja kwa moja kwenye rota, na nasema wazi kwamba hiyo ni kazi mbaya. Rota ina sumaku, na moto wa kuchomelea unaiua sumaku. Utabaki na flaiwili nzuri isiyotoa cheche kwenye plagi. Tena pete lazima ikerezwe ikiwa imewekwa katikati barabara, izunguke bila kuyumba hata unene wa karatasi, kwa sababu itakuwa inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika karibu na mguu wa mtu. Pete iliyoyumba inakula beringi za shafti. Iliyofungwa kwa boliti dhaifu inaweza kutoka na kupasua kifuniko. Na kabla ya kufunga, kagua ule ufunguo mdogo unaoishika rota kwenye shafti, pamoja na mfereji wake. Uzito mpya utavidai zaidi kuliko ule wa zamani. Baada ya kazi kifuniko cha pembeni mara nyingi hakifungi tena, kwa hiyo unakata pete nyingine ya alumini ya kukisogeza nje kidogo. Ukimaliza, washa. Utasikia sauti imebadilika. Silensa iliyokuwa ya wasiwasi inakuwa ya kupumua.

Halafu kompresheni. Hapa pana kosa ambalo limewapata watu wengi, na linafaa kuelezwa taratibu. Injini ya mbio ina kompresheni kubwa. Kwa trayali tunataka ipungue kidogo ili injini ivute laini ikiwa chini. Njia inayokuja haraka akilini ni kuinua silinda kwa kuweka gasketi nene chini yake. Kwa injini ya mipigo minne ingekuwa sawa. Kwa injini ya mipigo miwili ni kujiharibia, kwa sababu injini hiyo haina valvu za kufungua na kufunga. Matundu ya kuingiza na kutoa yametobolewa kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Ukiinua silinda umeinua na tundu la moshi. Litafunguka mapema zaidi, na nguvu za injini zitahamia juu zaidi kwenye mizunguko mingi, kule kule tulikokuwa tunakimbia. Mtu anapunguza kompresheni na kupata injini yenye hasira kuliko mwanzo. Njia sahihi ni kuiacha silinda ilipo na kukereza hedi ndani ili nafasi ya kuchomea mafuta iongezeke, au kuweka gasketi nene ya hedi. Aliyepata silinda ya pili kutoka kwa injini ndugu ya trayali, yenye matundu ya chini, huyo ameokota dhahabu.

Kabureta na eksozi vinakwenda pamoja na hilo. Motokrosi ya cc 250 hupewa kabureta yenye mdomo wa milimita 34 au 36, maana injini inataka hewa nyingi ikiwa inalia. Kwenye mizunguko michache hewa inapita mdomo huo mpana kwa uvivu, haiwezi kuyanyonya mafuta sawasawa, na dereva anapata ule upofu wa kuvuta moto bila majibu. Kabureta ya milimita 26 inaondoa upofu huo. Eksozi ya mbio, ile yenye tumbo kubwa, imepimwa ili mawimbi ya moshi yarudi kwenye silinda kwa wakati unaofaa injini ikiwa juu. Chini haina msaada wowote. Inabadilishwa kwa bomba jembamba na refu zaidi lenye chumba kidogo na kizibo cha sauti. Jirani nao watakushukuru.

Tutoke kwenye injini twende kwenye mwili. Dereva wa trayali hakai. Anasimama juu ya futresti kuanzia asubuhi hadi jioni, na miguu yake ndiyo inayoendesha. Mikono inaelekeza tu. Futresti za motokrosi ziko mbele kidogo na juu, kwa sababu dereva yule anajikunja kwenye kasi na hataki miguu yake ikwaruze kwenye kona. Zikiachwa pale, dereva wa trayali atajikuta ananing'inia kwenye usukani kila akipanda mwamba. Zinasogezwa nyuma kiasi cha sentimita 5, na kushushwa kiasi fundi anachoweza bila kuzifikisha kwenye mawe. Zinapohama, pedeli ya breki na gia navyo vinafuata. Namna ya kujua kama zimekaa mahali pake ni hii: mwambie mwenye pikipiki asimame juu yake, magoti yamelegea, halafu aachie usukani vidole vikiwa vinagusa tu. Akibaki wima, zimekaa. Akianguka mbele, rudi kazini.

Usukani ni jambo jingine. Pikipiki ya motokrosi imelazwa mbele, shokapu za mbele zimeinama ili ziwe tulivu kwenye kasi. Trayali inataka zisimame zaidi, na pikipiki iwe fupi, ili igeuke mahali padogo. Wengi wanakimbilia kukata shingo ya fremu na kuichomelea upya. Kabla ya kufika huko, kuna hesabu ya bure. Umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma ni kama milimita 1,400. Ukizipandisha shokapu za mbele kwenye vishikio vyake kwa milimita 25, pua ya pikipiki inashuka na pembe inasimama kwa digrii 1. Ukifunga shokapu za nyuma zilizo ndefu zaidi kwa milimita 25, unapata digrii 1 nyingine. Digrii 2 bila kugusa fremu zinatosha kwa mtu anayepanda kwa ajili ya afya na furaha. Angalia tu cheni isisugue mahali papya. Kisha punguza vizuizi vya usukani ili uzunguke zaidi kila upande, na ubadilishe tangi. Tangi la mbio ni pana, shokapu zitaligonga. La lita 4 au 5 linatosha.

Matairi sitayasema kwa kirefu. Mbele inchi 21, nyuma 18, ya trayali yenye meno mafupi ya mraba yaliyokaa karibu karibu. Lakini upepo wake unashangaza. Sisi tumezoea kujaza upepo wa 28, wa 30, hata zaidi abiria akiwa mnene. Hapa tairi la nyuma linawekwa upepo wa 4, la mbele wa 6. Tairi linalala juu ya jiwe na kulikumbatia. Kwa upepo mdogo kiasi hicho lazima rimu iwe na kibano cha kulishika tairi, vinginevyo litateleza na kuing'oa valvu ya tyubu.

Mpaka hapa utaniuliza, na ni haki yako: kwa nini mtu asinunue tu pikipiki ya trayali ya zamani? Zipo. Bultaco Sherpa zilitengenezwa kwa wingi. Montesa wana Cota. Yamaha walimchukua Mick Andrews, Mwingereza aliyeshinda Scotland mara tatu akiwa na Ossa, awasaidie kutengeneza TY, naye akashinda Scotland tena 1974 na 1975 akiwa na Yamaha. Mwaka huo huo wa 1975 ubingwa wa dunia wa trayali ulifanyika kwa mara ya kwanza, akauchukua Martin Lampkin juu ya Bultaco. Mashine hizo zimekwisha kuwa sahihi kutoka kiwandani, na anayetaka kikombe anunue moja ya hizo. Mimi namsemea mtu mwingine, mwenye pikipiki ya mbio iliyokufa ghalani, asiye na fedha nyingi, mwenye mikono na hamu ya kujua. Akiimaliza kazi hii atakuwa ameelewa kompresheni, matundu, uzito, pembe na mshiko kwa namna ambayo darasa halimfundishi. Nikipita Mwanza nikayatazama mawe yale yaliyorundikana mpaka ziwani, huwaza kijana mmoja wa karakana za pale na pikipiki ya namna hiyo, na sioni kinachomzuia isipokuwa kutojua kwamba mchezo huu upo.

Tena kuna utaratibu wa kazi, nao ni wa lazima: badilisha kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kinachofuata. Anza na sproketi na matairi, vinavyotoka kwa spana. Nenda futresti. Rudi flaiwili. Hedi na kabureta baadaye. Jaribio lenyewe halihitaji mlima. Weka mawe mawili uwanjani, zunguka kuyapita kwa herufi ya nane ukiwa umesimama, usukani umekunjwa mpaka mwisho, klachi imeachiwa, bila mguu kushuka. Pikipiki inayoweza hilo kwa upole itaweza mto. Isiyoweza itakuonyesha yenyewe inaumwa wapi: ikizima, tazama flaiwili na kabureta, ikikataa kugeuka, tazama usukani, ikikuvuta mikono, tazama futresti.

Na sasa neno langu kwa mtu mwenye msumeno wa chuma mkononi. Pikipiki za motokrosi za zamani ambazo bado ni kamili, zenye injini na fremu zilizotoka pamoja kiwandani, zinazidi kupungua kila mwaka. Huko Kinlochleven, Scotland, ambako kila mwaka hufanyika trayali ya pikipiki za mtindo wa kabla ya 1965, watu wanabishana mpaka leo kuhusu mashine zilizokatwa na kujengwa upya kiasi kwamba cha zamani kilichobaki ni jina kwenye tangi. Ukipata pikipiki iliyokamilika, isafishe, iache ilivyo, na uipande hivyo hivyo. Kwa kazi hii tafuta ile ambayo tangi lake limepotea, eksozi imeoza, na kiti hakipo tena, ile ambayo hakuna anayeihitaji. Na hata hiyo, kila unachokitoa kifunge kwenye kitambaa chenye mafuta, kiandikie jina, kiweke kwenye sanduku moja. Usikate fremu. Digrii zako 2 unazipata bila kuikata, na atakayeirithi baada yako ataweza kuirudisha ilivyokuwa akitaka.